Majeraha ya kibofu cha mkojo: namna picha inavyoamua tiba

Mji wa Durban, katika pwani ya mashariki ya Afrika Kusini, umekatizwa na barabara mbili kuu: N2, inayofuata pwani, na N3, inayopanda kuelekea Johannesburg ikiwa imejaa malori yanayotoka bandarini.

Majeruhi wa ajali za barabara hizo, pamoja na watu waliochomwa visu au kupigwa risasi, huwa sehemu kubwa ya kazi ya madaktari wa upasuaji katika hospitali za umma za mji huo.

Miongoni mwa majeraha wanayofika nayo, lipo moja ambalo halionekani kwa macho na ambalo linaweza kumwacha mgonjwa akizungumza na hata kutembea kwa siku nzima kabla ya hali yake kuharibika. Nalo ni kupasuka kwa kibofu cha mkojo.

Jeraha hilo hutambuliwa kwa picha. Hata hivyo, picha iliyopigwa bila kufuata utaratibu huweza kuonyesha kibofu kizima wakati kimepasuka, na mgonjwa akarudishwa wodini au nyumbani akiwa hatarini.

Makala haya yanaeleza jinsi kibofu kinavyopasuka, picha zipi hupigwa, zinasomwaje, na kwa nini uamuzi wa kumpasua mgonjwa au kutompasua hutegemea picha hizo.

Kibofu hupasuka vipi?

Kibofu kikiwa kitupu hujificha chini kabisa, nyuma ya mifupa ya nyonga, na ni vigumu kuumia. Kikijaa huinuka na kuingia tumboni, na kuta zake huwa nyembamba kwa kutanuka.

Kwa sababu hiyo, abiria aliyebana mkojo kwa safari ndefu, au mtu aliyekunywa pombe nyingi, yumo katika hatari kubwa zaidi iwapo atagongwa au atabanwa ghafla na mkanda wa usalama.

Kwa watoto wadogo hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwani kibofu chao kimekaa juu, ndani ya tumbo, hata kisipojaa.

Madaktari hutofautisha aina mbili kuu za mpasuko, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha suala zima.

Aina ya kwanza ni mpasuko unaofunguka ndani ya peritoni, yaani utando mwembamba unaozunguka matumbo. Kwa kawaida hutokea pale kibofu kilichojaa kinapopata kishindo, kikapasuka kwenye paa lake, ambapo ndipo palipo dhaifu zaidi. Mkojo humwagika moja kwa moja katikati ya matumbo.

Aina ya pili ni mpasuko ulio nje ya utando huo. Huu huambatana karibu kila mara na kuvunjika kwa mifupa ya nyonga, ambapo mfupa uliovunjika hukichana kibofu, au nguvu ya kishindo hukivuta hadi kikararuka. Mkojo huvuja kwenye nyama zinazokizunguka kibofu, lakini haufiki kwenye matumbo.

Katika vitabu vya tiba inakadiriwa kwamba takriban asilimia 60 ya mipasuko ni ya nje ya peritoni, asilimia 30 ni ya ndani, na asilimia 10 iliyobaki huwa na aina zote mbili kwa pamoja.

Aidha, yapo majeraha ya kisu na risasi. Haya hayafuati kanuni yoyote. Risasi iliyoingia kwenye tako inaweza kupita katika kibofu na utumbo mpana, ikaacha matundu mawili, la kuingilia na la kutokea.

Dalili za kutiliwa maanani

Dalili kubwa kuliko zote ni damu katika mkojo, inayoonekana kwa macho bila kuhitaji darubini. Karibu kila mgonjwa aliyepasuka kibofu kwa kishindo huwa nayo.

Dalili nyingine ni maumivu chini ya kitovu, kushindwa kukojoa, kukojoa matone tu, na tumbo kuvimba.

Miongozo ya kitaalamu inakubaliana juu ya jambo moja: majeruhi aliyevunjika nyonga na ambaye mkojo wake una damu inayoonekana, lazima apigwe picha ya kibofu. Halisubiriwi jambo jingine, isipokuwa kwanza kuyaokoa maisha yake iwapo anavuja damu nyingi.

Ni watu wachache miongoni mwa wote wanaovunjika nyonga, kati ya 5 na 10 katika kila 100, ambao hupasuka kibofu pia. Kinyume chake, wengi mno wa waliopasuka kibofu kwa kishindo hukutwa wamevunjika nyonga.

Iwapo jeraha halikutambuliwa, mkojo uliomwagika tumboni hufyonzwa na utando na kurudi katika damu. Vipimo vya maabara huonyesha yurea, kreatinini na potasiamu vimepanda, na daktari asiye mwangalifu anaweza kudhani kuwa figo zimekufa, ilhali figo ni nzima na tatizo ni tundu kwenye kibofu.

Mgonjwa akiendelea kucheleweshwa, tumbo huingia maambukizi, na maambukizi hayo huweza kuenea mwilini mwote na kumuua.

Tahadhari kabla ya kuingiza mpira

Ili picha ipigwe, ni lazima mpira mwembamba wa mkojo, yaani katheta, uingizwe hadi kwenye kibofu. Hapa pana mtego.

Mwanamume aliyevunjika nyonga anaweza kuwa amekatika njia ya mkojo yenyewe, chini ya kibofu. Ishara yake ni tone la damu kwenye tundu la uume. Kulazimisha mpira katika hali hiyo kunaweza kugeuza mchaniko mdogo kuwa mkatiko kamili.

Kwa hiyo, pale ishara hiyo inapoonekana, wataalamu hupiga kwanza picha ya njia ya mkojo kwa kuingiza dawa ya picha kidogo kidogo kutoka nje, na kuangalia kama inafika kibofuni bila kuvuja.

Sistografia ni nini?

Picha ya kibofu huitwa sistografia. Kibofu hujazwa dawa maalumu yenye iodini, ambayo huzuia miale ya eksirei na hivyo huonekana nyeupe katika picha. Kama kuna tundu, weupe huo hutoka nje ya mipaka ya kibofu.

Utaratibu wake ni huu:

Kwanza hupigwa picha ya kawaida kabla ya dawa, ili vipande vya mifupa au risasi visije vikadhaniwa kuwa dawa iliyovuja.

Pili, dawa iliyochanganywa na maji ya chumvi huachwa itiririke yenyewe kutoka kwenye chupa au mfuko uliotundikwa juu ya mgonjwa, kama dripu. Haisukumwi kwa nguvu.

Tatu, kibofu kikishajaa kabisa, hupigwa picha ya pili. Kwa mtu mzima kiasi kinachotakiwa ni angalau mililita 300 hadi 350. Kwa mtoto, hesabu inayotumika sana ni kuchukua umri wake kwa miaka, kuongeza 2, kisha kuzidisha kwa 30. Mtoto wa miaka 6, kwa mfano, hujazwa takriban mililita 240.

Nne, dawa huachwa itoke kupitia katheta, na picha ya mwisho hupigwa kibofu kikiwa kimekwisha kumwagwa. Hii isirukwe, kwani dawa iliyovujia nyuma ya kibofu hufichwa na kibofu chenyewe kikiwa kimejaa, na huonekana tu baada ya kibofu kutolewa maji.

Kosa linalojirudia

Katika hospitali nyingi zenye mashine ya CT, majeruhi huchomwa dawa ya picha kwenye mshipa ili matumbo, ini na figo vionekane. Baada ya dakika chache figo huichuja dawa hiyo na kuipeleka kibofuni.

Kishawishi ni kufunga katheta, kusubiri kibofu kijae chenyewe, na kuitazama picha hiyohiyo. Njia hiyo haitoshi, na miongozo ya kitaalamu inaikataza kutumiwa peke yake.

Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Tundu dogo katika ukuta wa kibofu huweza kuzibwa na damu iliyoganda, na mafuta au utumbo ulio jirani huweza kuliegemea na kulifunika. Maadamu kibofu hakijatanuka, tundu halifunguki, na picha huonyesha kibofu kisicho na kasoro.

Ni sawa na fundi anayetafuta tundu katika mpira wa baiskeli usio na upepo. Hata akiuzamisha katika beseni la maji, hataona povu.

Kwa maneno mengine, jambo linaloamua ukweli wa picha ni ujazo wa kibofu, kuliko bei ya mashine. Sistografia iliyofanywa sawasawa kwa eksirei ya kawaida ina thamani kubwa kuliko picha ya CT ya kibofu kilichojaa nusu.

CT na mchango wa Afrika Kusini

Hata hivyo, pale ambapo kibofu kimejazwa ipasavyo kupitia katheta, CT ina manufaa yake. Hutambua mpasuko kwa usahihi unaolingana na eksirei ya kawaida, na papo hapo huonyesha mifupa, utumbo na mishipa ya damu, bila kumhamisha mgonjwa kutoka meza moja hadi nyingine.

Dawa inayotumika kwa CT huchanganywa na maji mengi zaidi. Ikiwa nzito mno hutoa miale mikali katika picha na kuficha kile kinachotafutwa.

Historia ya mashine hiyo ina mizizi Afrika Kusini. Mwanafizikia Allan Cormack, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1924, alianza kulitafakari tatizo la kuupiga mwili picha vipande vipande mwaka 1956, alipokuwa akisimamia matumizi ya mionzi katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Mwingereza Godfrey Hounsfield, ambaye mashine yake ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza mjini London mwaka 1971.

Afrika Kusini ndiko pia ilikotoka mashine ya Lodox, ambayo hupiga picha ya eksirei ya mwili mzima kwa takriban sekunde 13 na kwa mionzi kidogo. Asili yake ni machimbo ya almasi, ilikokusudiwa kuwakagua wafanyakazi wasitoke na mawe. Baadaye iligeuzwa kuwa chombo cha kuwahudumia majeruhi. Mashine hiyo huonyesha upesi nyonga iliyovunjika au mahali risasi ilipokwama, lakini haiondoi haja ya kukijaza kibofu dawa.

Altrasaundi nayo hutumika katika dakika za mwanzo kutafuta maji ndani ya tumbo. Ni chombo chepesi na hakina mionzi. Udhaifu wake ni kwamba haiwezi kutofautisha damu na mkojo, na kwa hiyo haitoshi kuthibitisha wala kukanusha kwamba kibofu kimepasuka.

Picha inasomwaje?

Mpasuko wa ndani ya peritoni una sura ya pekee. Dawa hutawanyika kati ya mikunjo ya utumbo na kuichora kingo zake, kama maji ya kujaa yanayozunguka mawe ufukweni.

Mpasuko wa nje ya peritoni huonyesha dawa iliyobaki karibu na nyonga, ikiwa na ncha ncha mfano wa ndimi za moto. Katika CT, dawa iliyojikusanya mbele na pembeni mwa kibofu huweza kuchukua umbo la jino la gego.

Endapo kibofu kimechubuka tu, picha huwa ya kawaida ingawa mkojo una damu. Jeraha la namna hiyo hupona bila upasuaji.

Kisu au mpira?

Mpasuko wa ndani ya peritoni hutibiwa kwa upasuaji. Tundu hushonwa, na tumbo husafishwa. Haufai kusubiriwa ujifunge wenyewe.

Mpasuko wa nje ya peritoni usio na matatizo mengine kwa kawaida hauhitaji kisu. Katheta huachwa ndani kwa wiki 2 hadi 3, mkojo ukitoka bila kukijaza kibofu, na ukuta hujiunga. Kabla ya katheta kutolewa, sistografia hurudiwa ili kuhakikisha kwamba tundu limeziba.

Lakini upasuaji huhitajika hata kwa aina hii ikiwa kipande cha mfupa kimeingia kibofuni, ikiwa shingo ya kibofu imechanika, au ikiwa utumbo mpana au uke nao umejeruhiwa.

Kuna nyakati ambapo picha husubiri. Mgonjwa anayevuja damu kwa wingi kwenye nyonga hushughulikiwa damu hiyo kwanza. Zaidi ya hapo, dawa iliyovuja kutoka kibofuni inaweza kuficha mshipa unaovuja damu, ndiyo maana picha ya mishipa hutangulia pale inapohitajika. Na yule anayekimbizwa katika chumba cha upasuaji kwa sababu ya risasi, daktari anaweza kukikagua kibofu kwa macho yake.

Safari ya mgonjwa mjini Durban

Katika mji wa Durban majeruhi hupokelewa katika hospitali kadhaa za umma: Addington, iliyo karibu na bahari, King Edward VIII, iliyofunguliwa mwaka 1936, Prince Mshiyeni katika kitongoji cha Umlazi, Mahatma Gandhi huko Phoenix, na R. K. Khan huko Chatsworth, eneo ambalo pia ni makazi ya wazao wa watumwa walioachwa huru, waliofikishwa Durban kutoka Zanzibar kuanzia mwaka 1873.

Wagonjwa wenye majeraha mazito hupelekwa kwa rufaa katika Hospitali Kuu ya Inkosi Albert Luthuli, iliyofunguliwa mwaka 2002. Hospitali hiyo haihudumii mji pekee. Jimbo la KwaZulu-Natal lilikuwa na watu zaidi ya milioni 12 katika sensa ya mwaka 2022, na baadhi yao wanaishi umbali wa saa kadhaa kwa gari.

Hapo ndipo umuhimu wa eksirei ya kawaida unapojitokeza. Hospitali ya wilaya isiyo na CT, maadamu ina eksirei, katheta, dawa ya picha na mahali pa kutundika chupa, inaweza kuthibitisha kwamba kibofu kimepasuka, na kwa upande gani wa utando, kabla gari la wagonjwa halijaondoka.

Hali ni hiyohiyo kwa hospitali nyingi za Tanzania, Kenya, Uganda na mashariki mwa Kongo, ambako pikipiki za bodaboda zimeongeza idadi ya watu wanaovunjika mifupa, na ambako mashine za CT zimejikusanya katika miji mikubwa.

Haki ya kupokelewa

Durban ni makazi ya watu wengi waliotoka Kongo, Burundi na nchi nyingine za kanda yetu, na wengi wao huzungumza Kiswahili. Kwa hao, swali la kwanza huwa ni kama watafunguliwa lango la hospitali.

Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996, katika ibara ya 27, inasema kwamba mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. Haitaji uraia wala vibali. Sheria ya Taifa ya Afya ya mwaka 2003 inawakataza watoa huduma, wafanyakazi wa afya na vituo vya afya kuyakataa matibabu hayo.

Maana ya ibara hiyo ilipimwa kwa kesi iliyotoka Durban. Mwaka 1997, katika kesi ya Soobramoney, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba kusafishwa damu kwa mgonjwa wa figo wa muda mrefu hakuingii katika dharura, lakini ikaeleza kwamba mtu aliyefikwa na janga la ghafla linalohitaji msaada wa haraka hapaswi kufukuzwa mahali ambapo msaada upo. Majeruhi wa ajali, kisu au risasi yumo ndani ya maelezo hayo.

Hata hivyo, katikati ya mwaka 2025 wafuasi wa kundi liitwalo March and March walisimama kwenye milango ya vituo vya afya vya umma mjini humo, hospitali ya Addington ikiwa mojawapo, wakiwazuia wageni wasiingie. Tume ya Haki za Binadamu ya Afrika Kusini ililifikisha suala hilo mahakamani.

Kwa jeraha la kibofu, kizuizi cha namna hiyo kina hatari ya pekee. Mwenye mguu uliokatika huonekana kuwa ni wa dharura, na hata mlinzi wa lango humpisha. Aliyepasuka kibofu huenda akafika siku ya pili kwa miguu yake mwenyewe, ameshika tumbo, na hakuna awezaye kulijua jeraha lake kwa kumtazama usoni.

Mambo ya kumweleza daktari

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Majeruhi, au aliyemsindikiza, aeleze mambo yafuatayo bila kuona haya:

Ni saa ngapi alikojoa mara ya mwisho, kabla ya ajali na baada yake.

Mkojo ulikuwa na rangi gani, na kama ulitoka wote au matone tu.

Kama alikuwa amekunywa pombe, na kama alikuwa amefunga mkanda.

Kama ni mjamzito, kwa kuwa mionzi huhitaji tahadhari, ingawa haizuii uchunguzi unaohitajika kuokoa maisha.

Kama amewahi kudhuriwa na dawa ya picha yenye iodini. Dawa inayoishia kibofuni huwa na hatari ndogo kuliko ile inayochomwa mshipani, lakini daktari anapaswa kujua.

Kwa aliyeko Durban na asiyejua Kiingereza vizuri, maneno matatu ya Kizulu yanaweza kumsaidia mbele ya muuguzi: isinye ni kibofu, umchamo ni mkojo, na igazi ni damu.

Na iwapo mgonjwa ameambiwa kwamba picha haikuonyesha kitu, ilhali mkojo bado una damu na tumbo linazidi kuvimba, ana haki ya kuuliza swali moja: je, wakati wa picha hiyo, kibofu kilijazwa kupitia katheta?